UCHAMBUZI: Taifa lalilia wataalamu wa tabia, lakini nafasi za kazi ziko wapi?

KILA mwaka orodha ya wanafunzi walioteuliwa kujiunga na vyuo vikuu inapotangazwa, huwa kuna nyumba ambamo shangwe hukatika ghafla. Mtoto aliyetarajiwa kuwa daktari, mhandisi au wakili huarifiwa kwamba ataenda kusomea saikolojia, sosholojia au anthropolojia. Swali la kwanza la mzazi huwa fupi: "Hiyo ni kazi gani?"

Swali hilo halistahili kubezwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama cha ushirika ili mwanawe asome miaka minne ana haki ya kujua atavuna nini. Tatizo ni kwamba jibu analopewa aghalabu huwa mojawapo ya mawili, na yote mawili yana kasoro. Baadhi humwambia kuwa kozi hiyo ni ya waliokosa alama za kusomea udaktari. Wengine humhakikishia kwamba taifa zima lina msongo wa mawazo, kwa hivyo kazi ziko tele.

Ukweli ni kwamba Kenya inawahitaji mno wataalamu wa tabia ya binadamu, lakini haijawatengea nafasi za kutosha za kufanyia kazi hiyo. Kati ya hitaji hilo na ajira pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo wanamotumbukia vijana wengi wenye shahada mkononi.

Sayansi za tabia ni jina la jumla la taaluma zinazochunguza kwa nini watu hutenda wanavyotenda. Saikolojia huangalia akili, hisia na mienendo ya mtu binafsi. Sosholojia huchunguza makundi, taasisi na mahusiano ya watu. Anthropolojia hujishughulisha na mila, imani na maisha ya jamii mbalimbali. Katika miongo ya hivi karibuni uchumi nao umeingia katika familia hiyo. Daniel Kahneman, ambaye alikuwa mwanasaikolojia, alituzwa Nobeli ya Uchumi mwaka wa 2002, naye Richard Thaler akaipata mwaka wa 2017 kwa kuonyesha jinsi udhaifu wa kawaida wa binadamu unavyoathiri maamuzi yake kuhusu fedha.

Humu nchini, masomo haya hufundishwa katika vyuo vya umma kama vile Nairobi na Kenyatta, na katika vyuo vya kibinafsi kama USIU na Daystar. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, kina idara ya afya ya akili na sayansi za tabia ndani ya shule yake ya udaktari, ishara kwamba hata madaktari hukiri kuwa mgonjwa hatibiwi kwa dawa pekee.

Historia ya taaluma hii nchini haikuanza vyema. Hospitali ya Mathari, jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1910, na kwa miongo mingi ilikuwa mahali pa kuwafungia watu zaidi ya kuwaponya. Dkt J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali hiyo kuanzia 1938 hadi 1950, aliombwa na serikali ya kikoloni aeleze chanzo cha vita vya Mau Mau. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka wa 1954, iliyachukulia maasi hayo kama zao la akili za watu waliochanganyikiwa baada ya kung'olewa katika mila zao. Suala la ardhi iliyonyakuliwa, ambalo wapiganaji wenyewe walilitaja waziwazi, halikupewa uzito uliolistahili.

Funzo la kisa hicho halijapitwa na wakati. Elimu ya tabia ikiwekwa mikononi mwa mtu asiyeijua jamii anayoichunguza, huweza kugeuza malalamiko ya haki kuwa ugonjwa. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya iwe muhimu kwa Wakenya wenyewe kuisomea na kuimiliki.

Baada ya uhuru, matukio ya huzuni ndiyo yaliyowafungua wananchi macho. Shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, liliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Madaktari walishona majeraha, lakini ilidhihirika haraka kwamba manusura walihitaji pia watu wa kuwasikiliza kwa miezi na miaka. Neno "ushauri nasaha" likaanza kusikika katika redio na makanisani, si katika kumbi za mihadhara tu.

Hitaji hilo limejirudia tangu wakati huo. Lilijitokeza baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, baada ya shambulio la Westgate mwaka wa 2013, na baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015. Mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, jamaa waliokuwa wakisubiri habari za wapendwa wao walihitaji wa kuwashika mkono. Kila mara washauri hukusanywa kwa dharura, wengi wao wakijitolea, kisha kamera zikiondoka nao hurudi makwao.

Shuleni hali ni hiyo hiyo. Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, katika moto ulioaminika kuwashwa makusudi. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko. Walimu waliambiwa waweke kiboko chini na badala yake watumie ushauri nasaha.

Agizo hilo lilikuwa jema, ila halikuandamana na watu wa kulitekeleza. Katika shule nyingi, mshauri wa wanafunzi ni mwalimu wa Hisabati au Kiswahili mwenye vipindi vyake kamili, aliyeongezwa jukumu hilo kwa barua ya mwalimu mkuu. Anatarajiwa amsikilize msichana aliyenajisiwa wakati wa mapumziko ya chai, kisha akimbilie Kidato cha Tatu kabla kengele haijalia. Mwalimu huyo hana lawama, kwani amepewa kazi ya watu wawili na mshahara wa mmoja.

Hapa ndipo ukinzani mkubwa unapoonekana. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, lilipendekeza katika ripoti yake ya 2020 kwamba matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho, na serikali za kaunti zikapewa wajibu katika utoaji wa huduma hizo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba.

Uamuzi huo wa mahakama una maana nzito kuliko inavyodhaniwa. Iwapo aliyejaribu kujiua hapaswi tena kupelekwa katika seli ya polisi, basi sharti pawe na mahali pengine pa kumpeleka, na mtu mwingine wa kumpokea. Katika kaunti nyingi, mtu huyo hayupo. Si kwamba hajasoma. Huenda yuko nyumbani na cheti chake, akiendesha bodaboda au kuuza salio la simu, kwa sababu nafasi ya mwanasaikolojia katika zahanati au hospitali ndogo haijawahi kubuniwa.

Wakati wa sensa ya 2019 Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa umma wa ukubwa huo, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Hata kama kila chuo kingeongeza mafunzo yao leo, ingechukua miaka mingi pengo hilo kuzibwa, kwa kuwa daktari wa aina hiyo husomea udaktari kwanza ndipo arudi chuoni kwa shahada ya uzamili. Kwa hivyo njia iliyo karibu ni kuwatumia ipasavyo wanasaikolojia, washauri nasaha na maafisa wa ustawi wa jamii, kisha wagonjwa mahututi tu ndio wapelekwe kwa madaktari bingwa.

Hata hivyo, mwanafunzi naye anapaswa kuambiwa ukweli kabla hajaanza safari. Shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa tabibu wa akili. Anayetaka kuwatibu watu hospitalini huhitaji shahada ya uzamili na mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi aliyehitimu. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka kila anayetoa huduma hizo awe amesajiliwa. Kijana anayedhani kwamba baada ya miaka minne atafungua ofisi yake na kuanza kupokea wagonjwa atapigwa na butwaa.

Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya msingi. Mtu mwenye huzuni ni rahisi kudanganywa. Siku hizi mitandao ya kijamii imejaa watu wanaojiita wataalamu wa mapenzi, ndoa na "uponyaji wa nafsi", ambao hawajulikani walisomea wapi. Daktari bandia akikamatwa huwa habari kubwa, lakini mshauri bandia huvunja nyumba na kuharibu maisha bila mtu kutambua. Hatua zilizochukuliwa kuitekeleza sheria hiyo zimekuwa za kobe, na wanaoumia kwanza ni wahitimu halali wanaoshindania wateja na matapeli.

Je, wanaohitimu na shahada ya kwanza pekee waende wapi? Njia ni nyingi kuliko wazazi wengi wanavyofahamu. Idara ya watoto huajiri maafisa wanaoshughulikia kesi za malezi na dhuluma, na majukumu yao yamepanuka tangu Sheria ya Watoto ya 2022 ipitishwe. Maafisa wa urekebishaji tabia huandikia mahakama ripoti kuhusu mshtakiwa kabla hajahukumiwa, na maneno yao huweza kuamua iwapo kijana atafungwa au atatumikia kifungo cha nje. Magereza, vituo vya kuwasaidia waathiriwa wa dawa za kulevya na mashirika ya kuhudumia wakimbizi huhitaji watu wa aina hiyo hiyo. Kampuni nazo huwachukua katika idara za wafanyakazi, utafiti wa soko na huduma kwa wateja.

Ipo pia njia mpya ambayo Kenya imekuwa uwanja wake mkubwa, yaani utafiti wa jinsi watu wanavyofanya maamuzi. Magharibi mwa nchi, watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza kwa nini wakulima wanaojua faida ya mbolea hawaitumii. Waligundua kwamba wengi hukusudia kuinunua, lakini msimu wa kupanda ukifika pesa za mavuno zimekwisha. Walipowapelekea wakulima fursa ya kununua mbolea mara tu baada ya kuvuna, na kuwasafirishia bila malipo, matumizi yaliongezeka kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha punguzo kubwa zaidi la bei linalotolewa wakati wa kupanda. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 2011. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walituzwa Nobeli ya Uchumi mwaka wa 2019 kwa kazi zao za kupambana na umaskini kwa njia ya majaribio.

Mfano mwingine umo ndani ya matatu. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika vibandiko vyenye ujumbe wa kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Kampeni hiyo ilijulikana kama Zusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kuwa madai ya bima kwa magari yenye vibandiko yalipungua kwa kati ya robo na thuluthi. Hakuna barabara mpya iliyojengwa wala polisi aliyeongezwa. Kilichobadilika ni ujasiri wa abiria kufungua kinywa.

Mifano hii inawajibu wanaodai kwamba masomo ya tabia ni porojo tupu. Serikali hutumia mabilioni ya pesa kwa mbolea ya bei nafuu, kampeni za usalama barabarani na mipango ya afya. Kujua mkulima huwa na pesa mwezi gani, au abiria huogopa nini, huweza kuamua kama pesa hizo zitazaa matunda au zitapotea.

Lakini kuna jambo linalokera katika sifa hizo. Mengi ya majaribio yaliyoipa Kenya jina hilo yalibuniwa na wasomi wa vyuo vya ng'ambo. Wakenya wengi walioshiriki walikuwa wakusanyaji wa data, vijana wenye shahada wanaozunguka vijijini na simu mkononi wakiwauliza watu maswali yaliyotungwa na wengine. Kandarasi zao huwa za miezi michache, na utafiti ukimalizika kazi nayo hukatika. Mwenye swali ndiye anayeamua jibu litatumiwa vipi, na ukumbusho wa Carothers unaonyesha hatari ya kuwaachia wageni maswali yote.

Ili Mkenya awe mtunzi wa maswali, vyuo havina budi kubadilisha jinsi vinavyofundisha. Mwanafunzi wa sosholojia anayehitimu bila kuielewa takwimu vizuri, bila kuandika ripoti inayosomeka na bila kukaa nyanjani zaidi ya wiki chache, atabaki kushika fomu za wenzake. Kadhalika, nadharia nyingi zinazofundishwa zilitokana na uchunguzi wa watu wa Ulaya na Marekani. Huzuni ya mjane wa Siaya anayedaiwa arithiwe, au hasira ya kijana wa Kisauni asiye na kazi, haipatikani kamili katika vitabu hivyo.

Elimu hii ina makali pande zote mbili. Kampuni za kamari zinajua vyema jinsi ushindi mdogo wa leo unavyomfanya kijana acheze tena kesho. Programu za mikopo ya simu zinajua saa ambayo mtu aliyefilisika atabonyeza "ndiyo" bila kusoma masharti. Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo ya mchezo huo kwa siku 30, hatua iliyoonyesha kwamba hata serikali imetambua nguvu ya ushawishi huo. Mhitimu wa sayansi za tabia anaweza kuajiriwa kumnasa kijana huyo au kumnasua. Ndiyo maana somo la maadili halipaswi kuwa la kujaza ratiba.

Wapo wanaosema kwamba nchi maskini inapaswa kuwekeza kwanza katika sayansi na teknolojia. Hoja hiyo ina nguvu katika eneo hili zima. Nchini Uganda, serikali iliwaongezea mishahara walimu wa sayansi mwaka wa 2022, na wenzao wa masomo ya sanaa wakagoma. Katika mtaala mpya wa umilisi humu nchini, Wizara ya Elimu ililenga asilimia 60 ya wanafunzi wa shule za sekondari ya juu wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo.

Hakuna ubaya kuwa na wahandisi wengi. Mgala muue na haki umpe: daraja halijengwi kwa saikolojia. Lakini mhandisi atajenga choo cha kisasa ambacho kijiji hakitakitumia iwapo hakuna aliyechunguza mila za kijiji hicho. Daktari ataandika dawa za kifua kikuu ambazo mgonjwa ataziacha katikati iwapo hakuna aliyeuliza kwa nini anaona aibu kuonekana kliniki. Kwa hiyo kuupinganisha mkondo mmoja na mwingine ni kupoteza muda, kwa kuwa mmoja huutegemea mwingine.

Kinachohitajika kwanza ni nafasi za kazi. Tume ya Kuajiri Walimu inaweza kuanza na mshauri mmoja aliyesomea kazi hiyo kwa kundi la shule jirani, badala ya kumtwika mwalimu wa darasani. Kaunti zinaweza kuweka mwanasaikolojia katika kila hospitali ya kaunti ndogo. Idara ya polisi, ambayo mara kwa mara hukumbwa na visa vya maafisa kujiua au kuwaua jamaa zao, inaweza kufanya mazungumzo na mshauri kuwa sehemu ya kawaida ya kazi badala ya kungoja afisa avunjike. Hayo yanahitaji fedha, lakini kutoyafanya pia kuna gharama, ila tu gharama hiyo hulipwa na familia moja moja, kimyakimya, bila kuandikwa katika bajeti.

Pili, wanafunzi waelezwe mapema urefu wa njia. Anayetaka kutibu ajiandae kwa uzamili na usajili. Anayetaka utafiti aikumbatie takwimu. Anayetaka kazi za ustawi wa jamii ajitolee katika kituo cha watoto au hospitali angali chuoni, kwani waajiri wengi hutaka mtu aliyekwisha kuonja kazi. Na asiyeipenda kazi ya kusikiliza watu asiingie kwa sababu tu kozi nyingine zilimkataa.

Tatu, wananchi wenyewe wajifunze kuithamini huduma hii. Wapo wanaolipa bila kunung'unika kwa ajili ya picha ya mfupa uliovunjika, lakini huona ajabu kumlipa mtu "wa kuongea tu". Mradi fikra hizo zipo, mshauri nasaha ataendelea kufa njaa katika nchi inayougua.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kenya haijaficha maradhi yake, kwa maana imeyatangaza katika ripoti, sheria na hukumu za mahakama. Lililosalia ni kumfungulia mlango kijana aliyesomea kuyashughulikia. Mlango huo ukifunguka, mzazi atakayeuliza "hiyo ni kazi gani?" hatahitaji kusomewa orodha ndefu. Ataelekezwa tu katika shule, hospitali au kituo cha polisi kilicho karibu naye, akamwone mwenye kazi hiyo akiifanya.